Kabla Hamjakodi Farasi: Kwa Wanaoanza Kutengeneza Video za Kantri

Wiki iliyopita vijana watatu ninaofanya nao kazi walinikabidhi mpango wa video, kurasa 12 zilizoandaliwa kwa bidii, na katika ukurasa wa kwanza nikakuta bajeti ya farasi. Wimbo wenyewe unamhusu mama anayefunga kibanda chake cha mboga sokoni Nakuru kwa mara ya mwisho, na hakuna farasi katika ubeti wowote. Nilipouliza farasi hao wanaingilia wapi, nilijibiwa kwamba wimbo ni wa kantri, muziki wa vijijini Marekani ambao wengi huuhusisha na wachunga ng'ombe. Jibu hilo nalisikia kila mwaka, na mimi pia niliwahi kulitoa nilipokuwa na umri wao. Ndiyo maana naandika haya nikiwa nawapenda na nikiwa nimechoka kwa wakati mmoja.

Moja. Someni muziki huu ulikotoka kabla ya kuchagua mavazi. Kati ya Julai na Agosti mwaka 1927, Ralph Peer wa kampuni ya santuri ya Victor alitega mitambo yake ya kurekodia mjini Bristol, kwenye mpaka wa Tennessee na Virginia, akawaita waimbaji wa milimani na wa vijiji vya karibu waje wasikilizwe. Katika siku hizo chache alirekodi familia ya Carter na pia Jimmie Rodgers. Rodgers alikuwa amefanya kazi ya reli. Akina Carter walikuwa watu wa kijijini Virginia. Waliimba habari za mama, treni, jela, kanisa na nyumba iliyobaki tupu, tena kwa dakika tatu hivi, kwa sababu upande mmoja wa santuri ya siku zile haukubeba zaidi ya hapo. Kofia pana na buti ziliingia kwa nguvu katika miaka ya 1930, sinema zilipomfanya Gene Autry na wachunga ng'ombe wenzake waimbaji wajulikane kila mahali. Kwa hiyo anayevisha kila wimbo kofia anaiga sinema.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wenu hamkufundishwa. Banjo lina asili ya Afrika Magharibi na lilivuka bahari pamoja na watu waliouzwa utumwani. DeFord Bailey, Mmarekani mweusi aliyepuliza kinanda cha mdomo, alikuwa miongoni mwa nyota wa kwanza wa Grand Ole Opry, kipindi cha muziki wa kantri kilichoanza mwaka 1925 katika redio ya WSM ya Nashville. Hank Williams, mwimbaji mashuhuri wa kantri, alipokuwa mtoto Alabama alifundishwa muziki na mpiga gitaa mweusi wa mitaani aliyeitwa Rufus Payne. Mmoja wenu aliniambia kwamba video ya kantri ikipigwa Nakuru, kwa sura zetu na soko letu, haitaonekana halisi. Ninamwomba arudie kusoma majina hayo, kisha aje tuzungumze.

Mbili. Mjue nani anatazama. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki wa wenyeji, alifika Kapkatet akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu mtu waliyemwita Chemirocha. Jina hilo lilikuwa Jimmie Rodgers kama lilivyosikika masikioni mwao, kupitia santuri zilizokuwa zimefika huko. Rodgers alikuwa amekufa kwa kifua kikuu mwaka 1933, akiwa na umri wa miaka 35. Mtu aliyekwisha kufa miaka 17 alikuwa anaimbwa na wasichana wa Bonde la Ufa. Baadaye ikaja sauti ya Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1964 lakini bado anasikika katika nyumba zetu kila Krismasi. Reeves aliimba akiwa amekaribia kipaza sauti, taratibu, kila neno likisikika lilipoanzia na lilipoishia, na hata aliyejifunza Kiingereza cha darasani tu aliweza kumfuata. Wapiga gitaa wa Kikuyu waliupokea mtindo huo mapema, na ukikaa katika usiku wa mugithi, muziki wa gitaa wa Kikuyu unaopigwa baani, utausikia bado.

Mtazamaji wenu, basi, ni mzee wa miaka 60 aliyetumiwa wimbo kwenye simu na mwanawe aliyeko Nairobi. Anawaomba watu wa nyumbani wanyamaze, anaisogeza simu karibu na uso, na anafuata maneno. Mwimbaji akisema mlango wa buluu na ninyi mkaonyesha wa kijani, ataona. Vijana wanaokuja na kofia katika usiku wa kantri mjini nao ni wapenzi wa kweli, ninawaheshimu, lakini wasikilizeni wakiimba: wanayajua maneno yote. Charley Pride alipoanza, mwaka 1966, kampuni yake ilituma nyimbo zake za kwanza redioni bila picha, kwa hofu ya namna ambavyo mwimbaji mweusi angepokewa; mwaka 1971 alipewa tuzo kubwa kuliko zote ya Chama cha Muziki wa Kantri, ya mtumbuizaji bora wa mwaka. Watu walikuwa wameshaishi na sauti yake kabla ya kuiona sura. Katika muziki huu picha hufika ikiwa imechelewa, na ni lazima iingie kwa adabu.

Tatu. Kabla ya kuandika orodha ya shoti, yaani vipande vya picha mtakavyopiga, andika kando ya kila ubeti jambo ambalo mtazamaji analijua na lile ambalo bado halijui. Kanuni hii niliilipia, na sijawahi kuwasimulia yote.

Nilikuwa nimeongoza video nne za nyimbo za injili na nikajiona nimeiva. Mwimbaji mmoja wa Molo akaniletea wimbo kuhusu koti la baba yake. Katika ubeti wa kwanza baba anaamka alfajiri, anavaa koti, anapeleka maziwa kwenye chama cha ushirika. Mtoto akirudi kutoka shule hutazama msumari ulio nyuma ya mlango, na koti likiwepo anajua baba yupo. Katika ubeti wa pili kijana anaondoka kwenda Nairobi, baba anavua koti pale steji ya matatu ili amvike, na kijana analikataa kwa sababu wenzake wanatazama. Katika ubeti wa tatu anarudi nyumbani, koti limetundikwa kwenye msumari ule ule, na nyumba iko kimya. Kiitikio hakibadiliki hata neno moja mara zote tatu: koti lipo, baba yupo. Ila mara ya tatu msikilizaji anaelewa.

Siku hiyo nilikuwa na droni kwa mara ya kwanza. Upande wa juu wa shamba palikuwa na kaburi la mzee, na ukungu ulikuwa bado umelala bondeni saa moja na nusu asubuhi. Droni ilipanda taratibu juu ya kaburi, ikavuka mstari wa mikaratusi, bonde lote likafunguka mbele yetu. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na kwa sababu hiyo tu niliiweka mwanzoni mwa video. Nilikuwa pia nimekodi farasi wawili. Walikuja kwa lori, mmoja akakataa kushuka, na saa tatu za mwanga mzuri zikapotea tukimbembeleza. Koti nilikuwa nimelitengea shoti moja.

Mama wa mwimbaji alitupatia koti lenyewe la marehemu, akiwa amelifunga ndani ya leso. Lilikuwa la kahawia, zito, mkono wa kulia umekakamaa kwa maziwa yaliyoukaukia miaka mingi, likinuka moshi na mafuta ya taa, na mahali pa kifungo cha tatu palikuwa na pini kubwa ya nepi iliyoanza kushika kutu. Niliona uchafu. Nilimpa msaidizi wa mavazi, akalipeleka kwa dobi mjini, likarudi limenyooshwa kwa pasi na kushonewa kifungo kipya kinachofanana na vile vingine. Nikamshukuru kwa kazi nzuri.

Video ilipokamilika tulirudi Molo kumwonyesha mama kabla hatujaitoa. Tuliunganisha kompyuta na runinga ya sebuleni, majirani wakaja, chai ikamiminwa. Picha ya droni ilipoanza, mtu mmoja alishangilia. Mama alitazama hadi mwisho bila kusema lolote, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mbona mmemzika kabla hajapeleka maziwa?"

Nilijaribu kueleza kuhusu mwanzo wenye mvuto, na nikasikia maneno yangu yakiniishia mdomoni. Kisha nikamrudishia koti. Alilifunua mapajani, akapitisha kidole kwenye mstari wa vifungo, cha kwanza, cha pili, akafika cha tatu akatulia. "Pini iko wapi?" Pini ile ilikuwa ya nepi za huyo huyo mwimbaji alipokuwa mchanga. Mama aliichomeka kwa mkono wake asubuhi ambayo kifungo kilikatika, mzee akiwa tayari mlangoni na makopo ya maziwa. Nilitoka nje nikampigia dobi simu nikiwa nimesimama kati ya kuku. Hakuwa nayo, wala hakukumbuka kuiona.

Sehemu kubwa ya video niliirudia kwa pesa zangu. Farasi waliondolewa. Kaburi lilihamia mwisho wa ubeti wa tatu, kwa sekunde nne, kamera ikiwa imesimama chini kama mtu aliyekuja kuamkia. Koti lilipata shoti tisa. Mama alitafuta pini nyingine akaichomeka mwenyewe, lakini ilikuwa mpya na iling'aa. Hakuna mtazamaji aliyewahi kuiulizia, na mimi huiona kila mara.

Nne. Mengine ni ya kiufundi na nitayapitia haraka. Mkitaka mwendo wa polepole huku mwimbaji akiimba, mkapiga fremu (picha moja moja) 50 kwa sekunde ili zichezwe kwa 25, basi wimbo uchezwe kwa kasi maradufu pale mnapopiga, la sivyo midomo haitalingana na sauti. Kofia pana saa sita mchana huficha macho yote, na macho ndiyo mnayoyahitaji. Jua letu huzama kwa haraka, kwa hiyo shoti ya magharibi ifanyiwe mazoezi saa kumi alasiri, si wakati wingu limeshakuwa jekundu. Kibali cha kupiga picha, ruhusa ya kaunti na ile ya kurusha droni kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga viwe mkononi kabla ya kulipa nauli ya mtu yeyote. Ruhusa ya kuuimba wimbo wa mtu haiwi ruhusa ya kuuwekea picha.

Tano. Vidole vya mpiga gitaa vifanye kile kinachosikika. Kama studio ilitumia kapo, kile kibanio cha nyuzi za gitaa, kwenye freti ya pili ya shingo yake, kapo iwepo kwenye picha. Mzee mmoja wa Limuru, aliyepiga gitaa la umeme katika bendi miaka mingi, alinieleza kwamba akiona mkono unadanganya hawezi tena kumwamini mwimbaji anayelia. Nilikaa naye mchana mzima akinisimamishia video, moja baada ya nyingine, na kunionyesha mikono, na tangu siku hiyo mimi humwita mpiga gitaa aliyerekodi aje hata kama atalazimika kulipwa siku nzima kwa shoti mbili.

Sita. Mwacheni mwimbaji atulie. Mkimwambia atembee, aruke uzio na kugeuka huku akisimulia kifo cha baba yake, mtapata mwili unaokumbuka maelekezo. Mpeni kiti, na klozapu, picha ya karibu, ikae usoni hadi mstari uishe.

Turudi kwa mama wa mboga. Nimeufuta ukurasa wa farasi, na pesa zile zitatosha kwa siku ya pili sokoni, ambayo mliiondoa kwa kukosa fedha. Katika ubeti wa pili anataja kufuli, na katika kurasa zote 12 kufuli hilo halimo. Nataka kujua ni kufuli gani, ufunguo huwa anauweka wapi, na ubeti wa tatu ukifika unabaki kwa nani. Jumamosi tunakwenda Nakuru kutazama soko linavyofungwa. Tutaondoka saa sita mchana ili tuwahi, na kila mmoja aje na maneno ya wimbo aliyoyanakili kwa mkono wake.