Mwalimu, nipande gugu maji?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Sisi ni akina mama sita, tunatengeneza batiki uani kwangu hapa Mikindani. Tukimaliza, maji tunayamwaga mferejini na yanateremka hadi kwenye mikoko. Wiki iliyopita jirani alikwenda kuokota tondo, akarudi miguu ina buluu hadi kwenye vifundo. Hakupita kwake, alikuja moja kwa moja mlangoni kwangu. Shemeji yangu aliyeko Mwanza anasema gugu maji linanyonya rangi yote, na yuko tayari kunitumia miche kwa basi. Nichimbe bwawa nilipande?
Mtia rangi, Mikindani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpigie shemeji simu sasa hivi umzuie, kabla basi halijaondoka.

Hakukudanganya. Mizizi ya gugu maji imechambuka kama manyoya, inashika chembe za rangi, na bakteria waliojibanza humo wanazimeng'enya. Lakini mgeni huyo wa kutoka Amerika ya Kusini likipata maji yasiyo na chumvi, yenye mbolea, linajizidisha maradufu kwa wiki mbili hivi. Ziwa Victoria limeanza kuhangaika nalo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hadi wakaletwa wadudu maalumu, fukusi, wa kulila. Maji ya chumvi ya hapo ghubani kwenu yataliua, sawa, ila kipande kimoja kikichukuliwa na mtoto kwenda kuchezea kwenye bwawa la maji baridi, au kikafika Lukuledi au Ruvuma, nani atakirudisha? Mimea ya kazi hiyo tunayo hapa hapa. Tafuta matete.

Hata hivyo usikimbilie kupanda. Mwaka juzi mimi nilijitia fundi. Dada yangu anatia rangi kule Chikongola, nikamkatia pipa katikati, nikajaza kokoto, nikapanda matete mazuri kweli, kisha nikamimina maji yake ya batiki yakiwa yametoka tu kwenye karai. Siku ya tatu majani yalikuwa ya kahawia kama majani ya chai. Dada akaniuliza kama hiyo ndiyo kemia niliyowafundisha watoto wa watu miaka yote ile.

Kilichoyaua si rangi, ni kostiki soda inayochanganywa nayo. Maji yanayochubua vidole vya mtu aliyesahau glavu hayawezi kuuacha mzizi salama. Kwa hiyo mmea ni wa mwisho kwenye foleni. Wa kwanza ni pipa tupu.

Rangi zile mnazochanganya na kostiki na haidrosalfaiti haziyeyuki zenyewe. Haidrosalfaiti ndiyo inayozilazimisha. Si mmeona kitambaa kikitoka kwenye karai kinavyogeuka rangi mkononi, kikipigwa na upepo? Hapo rangi imerudia hali yake ya kutoyeyuka, na ndiyo maana inashika. Basi hata iliyobaki majini itafanya hivyo hivyo mkiipa hewa. Jazeni pipa, acheni wazi, korogeni kwa mti asubuhi na jioni siku tatu nne, kisha mliache litulie. Rangi itazama chini kama tope. Choteni maji ya juu taratibu. Lile tope dada yangu hulirudisha kwenye sufuria kwa kostiki na haidrosalfaiti mpya, anapata kijivu cha moshi ambacho, nashangaa, wateja wanakigombea.

Sasa kostiki. Tunatafuta kitu kichachu cha kuiua makali, na mtu wa Mtwara hana haja ya kununua siki msimu wa korosho ukiwa umeingia. Mabibo yanaoza chini ya kila mkorosho. Uraka, ile pombe ya mabibo, uliochacha hadi mnywaji anaukataa ndio ninaoutumia mimi. Mimina kidogo kidogo huku unakoroga. Nje ya msimu, ukwaju au ndimu. Onyo moja, na hili usilichukulie mzaha: usitie kitu kichachu kwenye maji ambayo hayajapata zile siku za hewa. Haidrosalfaiti ikikutana na asidi inatoa gesi inayokaba koo, harufu yake kama ya kiberiti kilichowashwa puani. Fanyeni kazi hiyo uwanjani, kamwe si jikoni.

Utajuaje yametosha? Unakumbuka kanzu nyeupe ikidondokewa mchuzi wa manjano, ukaipaka sabuni, doa linageuka jekundu? Hicho ndicho kipimo chako. Chovya vipande vya shuka kuukuu kwenye maji ya manjano, vianike. Dondoshea maji yako. Kitambaa kikienda wekundu, ongeza uraka. Kikibaki njano, matete yatapona.

Kitanda cha matete kiwe cha saruji, au shimo lililotandikwa nailoni nzito, kwa sababu ardhi ya Mikindani ni mawe ya matumbawe, inavuja, na visima haviko mbali. Kina futi mbili, kokoto tupu, maji yakae vidole viwili chini ya uso wa kokoto ili mbu wasipate pa kutagia. Mimi huyaacha humo siku saba. Tete lina uwazi ndani, linateremsha hewa hadi mizizini, na hapo bakteria wanaopenda hewa wanafanya kazi. Chini zaidi, pasipo hewa, wako wengine. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamewahi kujenga vitanda vya aina hii kwa ajili ya maji ya vyoo mashuleni, kwa hiyo msidhani ni uganga wangu.

Mkitumia zile rangi nyingine, zinazotaka chumvi nyingi na magadi, hadithi inabadilika. Hizo hazizami. Nyingi zimeungwa na jozi ya naitrojeni, na bakteria wa pasipo hewa wanaikata: maji yanang'aa, jirani anafurahi, kumbe vipande vilivyobaki havina rangi lakini vingine ni sumu kuliko rangi yenyewe. Vinahitaji hewa ndipo vimalizike. Kwa hiyo vitanda viwili, cha kwanza kirefu kwenda chini, cha pili kifupi. Chumvi haitatoka hata kidogo, msimwagilie mchicha. Na matete mkiyakata msiwape mbuzi, maana baadhi ya rangi zina shaba au kromu na mmea huweka akiba. Jengeeni ua.

SWALI: Natia rangi ukindu wa mikeka kwa sufuria moja tu. Nami nijenge kitanda?
Msusi, Mitwero, Lindi

JIBU: Hapana, bibie. Usimwage baada ya fungu la kwanza. Kama rangi ni nyekundu, tia la pili, utapata waridi, tia la tatu, utapata rangi ya ganda la kitunguu, ususe ukili wa pembeni. Maji yakifika hapo karibu hayana kitu.