Taazia, tanzia au taziye?

SWALI: Natafsiri makala kuhusu michezo ya jadi ya Iran. Ule wa mauaji ya Karbala, ta'zieh, niuite "taazia" au "tanzia"? Na wahusika wake "wanacheza" au "wanaigiza"?

JIBU: Yaache yote mawili, ingawa yanavutia. Neno hilo la Kiajemi na taazia yetu chimbuko lake ni moja, Kiarabu, na maana ya asili ni kumpa pole mfiwa. Kwetu halikwenda mbali na hapo: ni rambirambi, na magazetini ni maandishi ya kumkumbuka marehemu. Ukiandika "walitazama taazia Tehran", msomaji ataona ukurasa wa gazeti, si uwanja wenye farasi na ngoma.

Tanzia inapotosha zaidi. Mbali na tangazo la kifo, katika fasihi ni tamthilia ambayo shujaa huangamia, aghalabu kwa dosari yake mwenyewe. Imamu Hussein, mjukuu wa Mtume aliyeuawa Karbala mwaka 680, haangamii kwa dosari yoyote. Watazamaji wamekuja kumlilia, na mwisho wa kisa wanaujua tangu utotoni. Andika taziye, katika ngeli ya I-ZI (taziye hii, taziye hizi), na mara ya kwanza fafanua: igizo la maombolezo ya Karbala, lisomwalo hasa Mfunguo Nne, yaani Muharramu.

"Lisomwalo" nimelichagua makusudi. Wairani huliita pia shabih-khani, na hiyo khani imetoka katika kitenzi chenye maana ya kusoma na vilevile kuimba. Sisi tunalo jambo hilohilo: tunasoma maulidi, na hakuna anayedhani tumekaa kimya na kitabu. Shabih nayo ni ndugu wa kushabihi kwetu. Mwenye sehemu ya Imamu hadai kuwa ndiye. Anamshabihi tu, na mara nyingi hushika mkononi karatasi ya maneno yake hata kama ameyahifadhi, ili hilo lionekane wazi. Upande wa Imamu huvaa kijani au nyeupe na kuimba beti zao. Maadui huvaa nyekundu na kutamka kwa ukali, bila mahadhi. Basi Hussein "anasoma", Shimr, mmoja wa maadui hao, "anafoka". "Kuigiza" kunafaa unapotaja sanaa yenyewe kwa jumla. "Kucheza" usikuguse hapa, kwani kunaleta picha ya ngoma na furaha.

Angalia pia mwendo. Mtu akizunguka jukwaa, amesafiri nchi ya mbali. Ukitafsiri "alizunguka jukwaa" ukaishia hapo, safari imepotea. Ongeza: "akawa amefika mji wa Kufa". Bakuli la maji nalo ni Mto Furati, kwa hiyo taja vyote viwili, bakuli na mto, la sivyo kiu ya Hussein na wenzake, walionyimwa maji Karbala, haitaeleweka.

Kama makala yako inagusa naqqali, usivutwe na "kunakili". Naqqal ni mtambaji: mtu mmoja, fimbo mkononi, akitamba mkahawani visa vya Shahnameh, utenzi mkuu wa wafalme wa Kiajemi. Neno mtambaji linatosha kabisa.

Ru-howzi ndiyo rahisi kuliko zote, maana howz ni hodhi yetu. Siku ya harusi, hodhi ya uani ilifunikwa kwa mbao ikawa jukwaa la vichekesho. Iite "mchezo wa juu ya hodhi", na hapo wahusika wacheze watakavyo.