Chunga unachomwahidi mama wa mchezaji

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya ukocha wa besiboli ya vyuo hapa Marekani, wengi mnaniuliza mbinu: mrushaji atolewe lini, mkimbiaji aibe besi wakati gani, nani apige wa kwanza. Hayo mtayajua, tena mapema kuliko mnavyodhani. Ninalowaomba mlianze leo ni kuchunga ahadi zenu. Nimewaona makocha wenye macho makali ya mchezo wakiondoka kwenye kazi hii kwa sababu hakuna mzazi aliyewaamini tena.

Anzeni na hesabu. Kwa miaka mingi timu ya Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, iliruhusiwa ufadhili kamili wa masomo 11.7 tu, kugawanywa kwa wachezaji wasiozidi 27, kila mmoja apate angalau robo. Futboli ya Kimarekani katika ngazi ya juu ilikuwa na 85. Kwa hiyo kocha wa besiboli alizoea kumpa huyu asilimia 30, yule 45, na familia itafute kilichobaki. Tangu mwaka 2025, vyuo vilivyoingia katika suluhu ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA wakidai malipo, havina tena ukomo huo wa ufadhili. Badala yake kikosi kisizidi watu 34. Lakini kuruhusiwa kutoa pesa ni jambo moja, kuwa nazo ni jingine. Sisi wa Divisheni ya Pili ukomo wetu ni ufadhili 9, na vyuo vingi hata hizo 9 havizifikishi.

Mwaka wangu wa pili nikiwa kocha msaidizi nilitumwa nyumbani kwa kijana mmoja, mrushaji wa mkono wa kushoto. Mama yake alikuwa ametoka zamu ya usiku hospitalini, sare bado mwilini. Aliweka daftari kwenye meza ya jikoni, akapiga mstari katikati ya ukurasa: kushoto ada na malazi, kulia tutakachotoa sisi. Tulikuwa na asilimia 40. Akaandika, akatoa, akabaki anaitazama ile tofauti bila kusema neno. Huruma ikanishika. Nikamwambia, "Mwaka wa pili tutamwongezea." Akaiandika sentensi hiyo neno kwa neno, akaipigia mstari chini.

Sikuwa na mamlaka ya kusema vile. Kocha mkuu wangu alipopata habari hakunifokea. Alinipa ufunguo wa gari la timu, akasema nirudi nikaiondoe ile ahadi mwenyewe, uso kwa uso. Saa tatu za barabara. Nilipomweleza yule mama kwamba nilisema jambo nisiloliweza, alifungua daftari kwenye ukurasa uleule, akachukua rula, akaikata sentensi yangu kwa mstari ulionyooka. "Haya," akasema, "tuhesabu upya." Kijana alijiunga nasi, hakuongezewa hata senti, na kwa miaka yote aliyocheza mama yake hakuwahi kunipigia simu ya malalamiko.

Kwa nini ahadi ya mwaka ujao ni hatari hivyo? Kwa sababu kikosi chako hukijui mpaka kiangazi kipite. Mchezaji wa chuo cha miaka minne anaweza kuchaguliwa na klabu za ligi kuu ya kulipwa, akaondoka, akimaliza mwaka wa tatu au akifikisha miaka 21, na uchaguzi huo sasa hufanyika Julai, raundi 20. Wanafunzi wa sekondari uliokwisha kuwasajili nao huchaguliwa. Wengine huhama: mfumo wa uhamisho wa NCAA ulianza mwaka 2018, na tangu 2024 kijana anaweza kuhama zaidi ya mara moja na kucheza bila kukaa msimu nje, mradi masomo yake yako sawa. Pesa uliyoigawa Mei, Agosti imekwishabadilika umbo.

Na wewe mwenyewe uliza maswali magumu kabla hujakubali kazi. Hadi Juni 2023, kocha wa nne katika timu ya Divisheni ya Kwanza alikuwa mtu wa kujitolea, bila mshahara wa chuo. Nilikaa kwenye nafasi hiyo misimu miwili, nikila kwa kufundisha watoto wikiendi. Tangu Julai 2023 anaweza kulipwa, lakini uliza analipwa kiasi gani, bima ya afya ipo au hakuna, na kama umetoka nje ya nchi, nani anashughulikia kibali chako cha kazi. Januari nenda kwenye mkutano wa mwaka wa chama cha makocha, ABCA. Kazi nyingi huanza kuzungumzwa pale, kwenye korido.

Msijipime kwa Omaha peke yake. Timu karibu 300 za Divisheni ya Kwanza huanza msimu, 8 ndizo hufika Omaha, Nebraska, kwenye fainali za vyuo. Mike Martin alifundisha chuo cha Florida State misimu 40, 1980 hadi 2019, akashinda mechi 2,029, akaipeleka timu Omaha mara 17, na hakutwaa ubingwa hata mara moja. Kwangu mimi bado yumo miongoni mwa makocha wakubwa kabisa. Tim Corbin alianza ukocha mkuu Presbyterian, chuo kidogo, akawa msaidizi Clemson misimu tisa, ndipo akaenda Vanderbilt na kuchukua ubingwa 2014 na 2019.

Siku hizi mimi ndiye kocha mkuu, na kila nyumba ninayoingia nabeba karatasi yenye mistari mitatu. Wa kwanza: tunachotoa mwaka huu. Wa pili: nisichoweza kuahidi. Wa tatu: leo hii kijana ni wa ngapi katika nafasi yake, hata akiwa wa tano. Naisoma kwa sauti mbele ya wazazi na kijana mwenyewe, natia sahihi. Nakala moja naiacha mezani, nyingine iko kwenye droo ya juu ofisini kwangu.