Maswali ya Jikoni: Reuben ya Kuoka Kwenye Trei

*Shikamoo Mama. Naishi Omaha, Nebraska. Kanisani kwetu kuna Jumapili ambayo kila familia huja na chakula, na nimeona wenyeji wa hapa hawana sandwichi wanayoipenda kuliko Reuben. Nikizikaanga nyumbani moja moja, ya mwisho ikiiva za mwanzo zimeshapoa. Jirani akanishauri nipange vitu vyote kwenye trei nioke kwa pamoja. Nilifanya hivyo, chini ukawa uji wa mkate na juu mafuta yanaelea. Nimekosea wapi? — Mama wa watatu, Omaha*

Marahaba mwanangu. Swali lako limenifurahisha, kwa sababu umeliuliza ukiwa kwenye mji wenye haki ya kulijibu kuliko miji yote. Watu wa Omaha husimulia kwamba Reuben ilizaliwa hapo hapo, katika Hoteli ya Blackstone, Mtaa wa Farnam, miaka ya 1920. Muuza vyakula mmoja, Reuben Kulakofsky, Myahudi aliyetoka Lithuania, alikuwa akicheza karata na wenzake pale hotelini, akaomba kitu cha kula, na mwenye hoteli, Charles Schimmel, akaiingiza sandwichi hiyo kwenye menyu. Watu wa New York nao wanadai ni yao, ya mgahawa wa Arnold Reuben. Lakini sandwichi maarufu ya Arnold ilikuwa na nyama ya nguruwe na bata mzinga, haikuwa na kabichi chachu, kwa hiyo mimi nasimama na Omaha. Mwaka 1956 Fern Snider, aliyewahi kufanya kazi Blackstone, aliipeleka kwenye shindano la taifa la sandwichi ikashinda, na tangu hapo Marekani nzima ikaijua.

Kwa wasomaji ambao hawajaionja: ni mkate wa rai, nafaka jamii ya ngano, uliokaangwa kwa siagi, ndani yake kuna nyama ya kidari iliyolowekwa kwenye maji ya chumvi na viungo kisha ikachemshwa mpaka ikalainika, kabichi iliyochachushwa, jibini ya Uswisi yenye matundu, na sosi ya pinki ya mayonezi na nyanya. Huuzwa kwenye deli, yale maduka ya kaunta ya kioo yaliyoletwa Marekani na wahamiaji kutoka Ulaya, hasa Wayahudi, ingawa Myahudi anayeshika miiko ya dini yake haigusi, maana imechanganya nyama na jibini.

Sasa uji wako. Nimefanya kazi nyuma ya kaunta ya deli mjini Chicago, na mzee aliyetufundisha kazi hakuwa akiiweka kabichi kwenye mkate ikitoka kwenye chupa. Aliikamua kwa mkono, akaitandaza peke yake kwenye chuma cha moto pembeni ya nyama, akaigeuza kwa mwiko bapa mpaka mvuke ukakata. Baada ya hapo ndipo iliipata nafasi yake juu ya nyama. Ukiitazama Reuben yake ilipokatwa katikati, mkate wa chini ulikuwa mkavu na umebadilika rangi kuwa kahawia mpaka pembezoni, wakati ndani kila kitu kina unyevu wake.

Kwenye kikaango sandwichi inapata moto wa moja kwa moja, mvuke unatokea pembeni, na dakika chache imekwisha. Ukiiingiza kwenye trei umeufungia mvuke ule ule ndani kwa zaidi ya nusu saa. Maji ya kabichi yanashuka, mafuta ya nyama yanashuka, sosi inashuka, na mkate wa chini unapokea yote. Kwa hiyo kazi yako kubwa iko kabla ya oveni. Ni kuondoa maji.

Mimi kabichi naikamua kwa kifumbu, kile kile cha kukamulia tui. Kama huna, tumia kitambaa safi cha pamba, ukisokote mpaka mkono uchoke. Chupa mbili za kabichi zitatoa maji ya kikombe kizima na zaidi; usiyamwage yote, weka vijiko viwili vya kutia kwenye sosi. Na tafadhali usiioshe kabichi kwa maji mengi ya bomba. Najua mapishi mengi yanasema osha mara mbili tatu ili kupunguza chumvi. Ukifanya hivyo umeondoa uchachu, na Reuben isiyo na uchachu ni nyama na jibini tu, vinachosha baada ya tonge la tatu. Chumvi ipunguze kwengine: usitie chembe ya chumvi kwenye sosi wala kwenye mkate, na siagi iwe isiyo na chumvi.

Kwa trei ya sentimita 23 kwa 33, inayotosha watu wanane mpaka kumi, tafuta mkate mmoja wa rai wa gramu 450 hivi, nyama gramu 700, kabichi chachu gramu 800 kabla ya kukamuliwa, jibini gramu 350, na siagi gramu 60. Sosi: mayonezi kikombe kimoja, tomato sosi theluthi ya kikombe, matango ya siki yaliyokatwakatwa vijiko vinne vikubwa, nusu kitunguu kidogo kilichokunwa, pilipili ya chupa kijiko kidogo, na yale maji ya kabichi.

Mkate wa jana ni bora kuliko wa leo. Ukate vipande vya sentimita mbili au tatu, utandaze kwenye sinia, uuoke peke yake kwa nyuzi 180 za Selsiasi (oveni za huko kwenu zinaandika 350) kwa dakika kumi, mpaka ukiugonga kwa kucha ulie. Nusu yake panga chini ya trei. Juu yake mara moja nyunyiza theluthi moja ya jibini. Hii ikiyeyuka inakuwa kinga kati ya mkate na unyevu unaoshuka. Kisha nyama, kisha sosi, kisha kabichi uliyoikamua ukaichambua isikae mabonge, kisha jibini iliyobaki. Nusu ya pili ya mkate ichanganye na siagi iliyoyeyushwa na kijiko kidogo cha kisibiti kilichopondwa kidogo, uimwage juu bila kuikandamiza. Watu wengine humimina mayai na maziwa juu ya yote haya, ikawa kama pudini ya mkate. Ni chakula kizuri cha asubuhi, lakini si Reuben tena.

Funika kwa karatasi ya foili, oka dakika 25. Funua, oka dakika 15 nyingine hadi mkate wa juu uwe wa kahawia na pembeni uone jibini inatokota. Itoe, iache itulie dakika kumi kabla ya kukata. Ukikata mapema, tabaka zitateleza na utapakua rojo.

Neno moja kuhusu nyama, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wa trei hukosea hata wakishinda vita ya maji. Ukinunua deli, mwambie muuzaji asikukatie nyembamba sana kama ya sandwichi. Ikikaa ovenini inakauka na kujikunja. Omba unene wa milimita tatu, halafu nyumbani uikatekate vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Ukichemsha mwenyewe, kipande cha kilo moja na nusu kinataka kama saa tatu za moto mdogo, maji yakitetema tu. Kiache kipoe kabla ya kukikata, na kisu kiende kukatisha nyuzi za nyama, si kuzifuata. Kidari kina nyuzi ndefu. Ukizifuata utampa mgeni kamba za kutafuna. Baada ya sikukuu ya Mtakatifu Patrick, tarehe 17 Machi, nyumba nyingi za Marekani hubaki na nyama hii kwenye friji, na ndiyo maana wengi huipika trei hii siku inayofuata.

Kwa Jumapili yako: panga kila kitu Jumamosi usiku isipokuwa mkate wa juu, uweke kwenye friji. Asubuhi utie mkate wa juu, uongeze dakika kumi kwenye muda wa kufunika, kwa kuwa trei inaanza ikiwa baridi. Ibebe imefungwa kwa foili na taulo nene. Ikishafika mezani isikae nje zaidi ya saa mbili. Kinachobaki rudisha kwenye friji, na kesho yake pasha kwa oveni.

*Mama, huku Tabata mkate wa rai sijauona na kabichi chachu sijui nitaitoa wapi. Nina nyama ya kopo. Je, itafaa, au nisahau? — Msomaji, Dar es Salaam*

Usisahau. Nyama ya kopo ni ndugu wa ile ya deli. Zote ni ng'ombe aliyetiwa chumvi, na Dar ina historia yake. Wakubwa wenzangu watakumbuka kiwanda cha Tanganyika Packers pale Kawe kilichokuwa kikitia nyama makoponi na kuiuza hadi nje ya nchi. Kiwanda kilikufa, jina limebaki kwenye viwanja.

Ila nyama ya kopo ina mafuta mengi na inavunjika. Ivunje kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, bila kutia mafuta, ikaange mpaka pembe zianze kuwa ngumu. Mafuta yaliyotoka yachuje. Hapo ndipo iingie kwenye trei, na kwa kuwa ni laini, gramu 500 zinatosha.

Kabichi itengeneze mwenyewe. Kabichi ya kilo moja, ikate nyembamba kama ya kachumbari, tia chumvi gramu 20, ikande kwa mikono dakika kumi mpaka iloe maji yake yenyewe. Ishindilie kwenye chupa ya kioo ya mdomo mpana hadi maji yapande juu yake, iweke uzito safi ili jani lolote lisichungulie nje, na mfuniko usiukaze: gesi lazima ipate njia. Hakuna siki hapa. Bakteria walio kwenye jani lenyewe ndio wanaoleta uchachu, na chumvi inawazuia wale wabaya. Kwa joto la Dar kazi inakwenda haraka, na ikienda haraka mno kabichi inalainika, hivyo iweke mahali penye baridi kuliko pengine ndani ya nyumba, sakafuni, mbali na jiko. Anza kuonja siku ya nne. Ikikupendeza, ihamishie kwenye friji. Ukiona ukungu wenye manyoya na rangi, tupa yote.

Mkate: chukua wa kahawia, wa jana, usio mtamu. Ladha ambayo watu huidhania ni ya rai, mara nyingi ni ya kisibiti, na kisibiti kinapatikana kwa wauza viungo Kariakoo. Kiangalie vizuri, kisije kikawa bizari nyembamba. Jibini tumia yoyote ngumu inayoyeyuka. Zile za Njombe zinafaa sana. Usitumie zile za vipande vilivyofungwa kwenye nailoni kimoja kimoja, zinageuka kuwa gundi.

Kama huna oveni, pika kwenye sufuria pana yenye mfuniko bapa, makaa machache chini na mengi juu, kama unavyopalia mkate wa mchele. Mkate wa juu utaiva vizuri kuliko unavyodhani. Mkate wa chini ndio wa kuchunga. Kwa sufuria, anza na tabaka nene kidogo.

*Assalaam alaykum. Nyama za deli huku Columbus, Ohio, si halali. Je, naweza kuitengeneza nyumbani? — Bi harusi mpya*

Waalaykum salaam, mwanangu, na hongera. Nenda kwa mchinjaji wako wa halali, omba kidari cha kilo moja na nusu chenye mafuta kidogo upande mmoja. Chemsha maji lita mbili na chumvi gramu 180, sukari gramu 80, pilipili manga, giligilani, mbegu za haradali, karafuu chache na kitunguu saumu. Yaache yapoe kabisa, tena yapoe ndani ya friji, ndipo uzamishe nyama ndani ya chombo cha kioo au plastiki. Ikae kwenye friji siku tano mpaka saba, uigeuze kila siku, isielee juu ya maji. Kisha isuuze na uichemshe kama nilivyomweleza mwenzako wa Omaha.

Haitakuwa ya pinki. Rangi ile ya deli inatokana na chumvi maalumu yenye naitraiti. Bila hiyo nyama inatoka ya kijivu, na huko New England wapo wanaoitaka hivyo hivyo ya kijivu. Ladha haipungui. Kwa jibini, soma lebo utafute iliyogandishwa kwa kigandishi cha mimea au cha vijidudu, si cha tumbo la ndama, kama jambo hilo linakukera. Na siku ambayo hukupanga mapema, chukua bata mzinga wa halali aliyeokwa, badala ya kabichi chachu utie saladi ya kabichi iliyokamuliwa. Hiyo nayo ni sandwichi ya deli yenye jina lake, Rachel, na kwenye trei inapangwa vivyo hivyo, ila punguza dakika tano za kufunika kwa sababu nyama ya bata mzinga hukauka upesi.