Usirestoe juu ya voliumu ileile mkuu, acha kwanza!

Mkuu toa mkono kwenye hiyo mausi. Umesema databesi imeharibika toka jana, unayo snapshoti ya Jumapili, yaani picha ya data zilivyokuwa siku ile, kwenye storeji (mashine ya diski), na leo usiku unataka uirudishe juu ya voliumu ileile, yaani kipande kilekile cha diski, halafu ukalale. Hulali. Mimi nilifanya hivyohivyo hapa Tanga, ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini, na bosi akiniona anaulizia Jumatatu yake ilienda wapi.

Aliyeniponza ni fundi wa waliotuuzia mashine. Kaja na basi la asubuhi toka Dar, kafunga vitu vyake, kala samaki, jioni huyo, ile "waja leo waondoka leo" yeye kaifanya ratiba ya kazi. Nampigia simu ananiambia we bonyeza restoa tu, inarudi kama ilivyokuwa. Ikarudi kweli, Jumapili ileile, ila hakusema kwamba kwenye mashine ile ukirudi snapshoti ya nyuma, zote zilizopigwa baada yake zinafutika. Za Jumatatu zilikuwa nzima kabisa maana databesi iliharibika Jumanne, zikaenda hapohapo. ZFS, mfumo mwingine wa kutunza faili, angalau inagoma mpaka uandike -r kwa mkono wako ndio ifute zilizofuata, ya kwetu ilileta kaboksi ka onyo nikabonyeza ndiyo, nani anasomaga vile?

Bado. Voliumu ilikuwa imemauntiwa kwenye seva, yaani imeunganishwa na inatumika. Seva imeshika kwenye RAM picha yake ya faili zilivyo, huku chini storeji imegeuza kila kitu bila kumwambia, basi ikaendelea kuandika kwa kufuata picha yake, faili sistemu ikawa uji. Fundi ananiuliza "kwani hukuianmaunti kwanza?" Sasa si ungesema baba! Halafu data ziko voliumu moja, logi za databesi (kumbukumbu za kila badiliko) voliumu nyingine, nami nimerudisha ya data peke yake, kwa hiyo data za Jumapili logi za Jumanne, databesi ikakataa kuwaka. Voliumu za hivyo zinawekwa kundi moja, zinapigwa snapshoti kwa mpigo mmoja, na zinarudi pamoja. Tukaingiza Jumatatu yote upya kutoka kwenye mafaili ya karatasi, makarani wamenuna, chai nanunua mimi.

Kwa hiyo nakwambia, HURUDISHI JUU YA ILE YA ASILI hata kama imeoza. Tengeneza voliumu mpya, ukubwa usipungue wa ile ya zamani, rudishia humo, washa databesi humo, ita watu wa uhasibu waangalie risiti zao za mwisho, wakiridhika ndio unahamisha. Ile mbovu iache hivyohivyo, huenda ukaihitaji. Muuzaji atakwambia unapoteza muda, mwambie aje akae na wewe usiku kucha. Nafasi haitoshi? Azima diski. Ila kopi usiiunganishe kwenye seva ileile, ina UUID (namba ya utambulisho) sawa na mama yake, faili sistemu ya XFS itakataa kuimaunti mpaka uweke chaguo la nouuid, na LVM, ile programu ya Linux ya kugawa diski, itachanganya mambo mpaka upitishe amri ya vgimportclone. Ukipata seva nyingine umepona.

Na hiyo snapshoti usiniitie bekapu, iko kwenye diski zilezile, kabati likiungua vinaungua vyote.

Sasa hivi, kabla hata hujanijibu, zima ile ratiba inayofuta snapshoti za zamani, yenyewe haijui kama una msiba, zamu ya hiyo snapshoti yako ikifika inaifuta. Angalia na nafasi iliyobaki, kama ni LVM ile ya kawaida snapshoti ikijaa ndio basi, haisomeki tena. Ukishawasha databesi kwenye voliumu mpya bandika hapa ujumbe wa kwanza itakaotoa, usikate mistari.