Bando linaisha haraka ukiunganisha laptop kwenye simu

Pole sana, mdogo wangu. Umesema uko Leipzig, chumbani hamna Wi-Fi, na GB 10 zimekwisha kwa siku tatu tangu uanze kuiwashia laptop hotspoti ya simu. Simu haina kosa. Windows ikikuta Wi-Fi, mara nyingi huichukulia kama intaneti isiyo na kikomo, ikaanza kupakua masasisho kimyakimya. Kwenye laptop, fungua mipangilio ya mtandao, bonyeza jina la hotspoti yako, washa “Metered connection”, yaani intaneti yenye kikomo. OneDrive, ile inayohifadhi mafaili yako mtandaoni, isimamishe pia. Mimi napenda kuunganisha kwa waya wa USB badala ya Wi-Fi, maana simu inachaji hapo hapo. Ila ukitumia waya, washa kile kitufe cha “Metered connection” tena upande wa Ethernet, yaani mtandao wa waya. Mafaili mazito yapakue chuoni kwa eduroam, ile Wi-Fi ya vyuo.