Ukitaka kuisoma Mirihi, anzia Katwe

Wanafunzi wa jiolojia hapa Uganda huniuliza: "Kaka, hiyo jiolojia ya sayari mtu wa Mbale anaiingiaje?" Jibu langu huwaudhi wengine. Iache Mirihi kwanza, nenda Katwe.

Kule Katwe, kwenye Hifadhi ya Malkia Elizabeth, kuna mashimo mengi ya mviringo, mengine yana maziwa ya chumvi. Kwenye picha za setilaiti unaweza kuapa kwamba yamechimbwa na vimondo, kama yale ya mwezini. Sivyo. Magma, yaani mawe yaliyoyeyuka, ilipanda, ikakutana na maji ya ardhini, mvuke ukalipuka. Kulithibitisha hilo unapanda ukingoni na kushika majivu yaliyoganda tabaka kwa tabaka. Shimo la kimondo lingekuachia ushahidi mwingine, kwa mfano chembe za madini ya kwatsi zilizochanika mistari kwa mshindo ambao volkano haina nguvu ya kuutoa. Kwenye Mirihi mara nyingi utakuwa na umbo tu, huna jiwe mkononi. Kwa hiyo lifunze jicho mahali ambapo unaweza kulisahihisha kwa miguu.

Picha si tatizo. Kamera ya HiRISE inaizunguka Mirihi tangu 2006, na katika picha zake bora pikseli moja ni kama sentimita 30 za ardhi. Zote ni za bure, na programu ya QGIS ya kuchorea ramani ni ya bure pia. (Bando la kuzipakua ndilo litakalokumaliza.)

Kazi yenyewe ni ya kukaa. Unahesabu mashimo ya vimondo: uwanda wenye mengi ni mkongwe kuliko wenye machache. Miaka kamili tunaikadiria kwa kuanzia umri wa mawe ya mwezini yaliyoletwa na safari za Apollo, kilo 382 kwa jumla, kisha tunarekebisha hesabu ili ifae Mirihi. Macho huuma.

Mama alitaka kujua nitaajiriwa wapi, na swali lake lilikuwa la haki. Chukua shahada ya jiolojia ya kawaida. Mimi mchana natafuta mahali pa kuchimba visima vya maji, usiku nachora Mirihi. Wenzangu wako kwenye mafuta kule Buliisa, wala sioni ubaya.

Ukimwandikia profesa wa ng'ambo, usitume wasifu mtupu. Ambatisha ramani uliyoichora mwenyewe, hata ya bonde moja dogo, ukieleza kilichotangulia, kilichofuata, na umejuaje. Barua za "napenda sana anga" anazo tele.